Takwa na mama mkwe: safari yangu ya Lamu, nyota mbili (labda tatu)

Niseme mapema kwamba nilirudi kutoka Lamu na hasira, na hasira yenyewe haijaisha. Anayetaka habari za milango ya kuchonga, ngome, punda na vichochoro, wako wengi walioziandika vizuri kuniliko. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni tope.

Tulikwenda watatu: mimi, mke wangu na mama mkwe. Mama alikuwa hajawahi kuiona bahari kwa macho yake, na bintiye alikuwa amemwahidi tangu tuoane. Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka juzi kama sikosei. Mwezi ulikuwa mpevu. Hilo nalikumbuka kwa sababu usiku wa kwanza tulikaa juu ya dari la nyumba tuliyopanga kijiji cha Shela, tukausifu mwezi ule mpaka chai ikapoa. Laiti ningejua utanifanyia nini kesho yake!

Mpango ulikuwa kwenda Takwa, magofu yaliyoko kisiwa cha Manda. Ni mji uliokaliwa mpaka karne ya 17, kisha watu wakauhama, wengine wakavuka kuja kukaa Shela. Kufika huko unapita mkono wa bahari unaopenya kati ya mikoko. Nikapatana na nahodha mmoja gatini: shilingi elfu nne, samaki wa kuchoma juu yake, tuondoke saa kumi na mbili asubuhi. Simtaji jina, ana watoto. Saa kumi na mbili tulikuwa gatini, mama amejifunga kitambaa kipya. Saa moja, kimya. Nahodha alifika saa mbili akitafuna mahamri. Wala hakuomba radhi. “Mwaonaje, twendeni?” Kana kwamba sisi ndio tuliochelewa.

Tanga likashika upepo vizuri, mama akawa anacheka kila mashua ikiinama, nami nikaanza kumsamehe yule bwana. Tukaingia kwenye mikoko. Maji yalikuwa ya kijani, mizizi imejaa chaza. Halafu nikaona mizizi inazidi kuwa mirefu. Nilidhani mikoko ya upande ule ni mikubwa zaidi. Kumbe ni maji yanayoshuka. Kijana wake akashika upondo, akasukuma, akasukuma tena, upondo ukazama na kurudi na tope jeusi linalonuka kama yai viza. Mkuku ukakwaruza. Mashua ikalala upande taratibu, kama ng'ombe anayejilaza.

“Dakika kumi tu,” nahodha akasema. “Mai yaya.”

Mimi nikageuka kumtafuta huyo yaya! Mke wangu ndiye aliyenifafanulia kwamba kwa Kiamu maji ni mai, na kuja ni kuya. Maji yaja. Kwamba hayakuwa yakija bali yakienda, hilo hata mtu wa Kakamega aliweza kuliona.

Dakika kumi zikawa saa nzima. Jua likatupata sawasawa. Ndipo nahodha akaja na shauri: tushuke, tutembee kwenye tope hadi magofuni, si mbali. Nikamwonyesha mama. Miaka sitini na kitu, magoti mabovu, tope la kufika mapajani, na chini yake chaza wakali kama wembe.

“Mbebe mamako,” akaniambia.

“Si mamangu. Ni mama mkwe.”

“Basi mbebe mkweo. Waona haya?”

Ndiyo, naona haya! Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hata kiti alichokalia sikikalii. Na huyu ananiambia nimpachike mgongoni mbele ya bintiye! Nilipokataa, akamgeukia kijana wake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kisiwa cha Pate: “Watu wa bara ugali umewazidi. Ndio mana mashua yashika tope.”

Hapo ndipo safari yangu ya Lamu iliposimama. Ufuo wa Shela wa kilomita kumi na mbili, mchanga mweupe, hakuna kibanda hata kimoja, yote hayo niliyaona baadaye kupitia sentensi ile. Nikila biriani naisikia. Nikiogelea naisikia. Mimi mgeni wake, niliyelipa nusu ya pesa mbele, naye mtu mzima anamtukana mama wa watu kwa sababu yeye mwenyewe alilala!

Mama alisema neno moja tu: “Mwambieni huyo kijana nimesikia.” Kwake yeye hata nahodha ni kijana. Kisha akajifunika kanga ya bintiye, akaomba mahamri yaliyobaki.

Tulikaa pale hadi saa saba na kitu. Maji yaliporudi hayakuwa na kelele. Nilikuwa nikiutazama mzizi mmoja uliokuwa na kaa mwekundu, ukubwa wa kifungo cha shati. Kaa akapanda kidogo. Akapanda tena. Mara mashua ikanyooka yenyewe, mama akainua kichwa kama aliyeitwa. Nitasema kweli, sijaona kitu kizuri kama hicho, na ningekifurahia zaidi kama nisingekuwa napanga maneno ya kumwambia nahodha.

Takwa tulifika. Msikiti una nguzo juu ya kibla, upande mwingine kuna kaburi la mnara, mibuyu, na kimya. Tukala samaki pale kivulini. Samaki alikuwa mtamu, sitamnyima hilo. Tuliporudi gatini akaomba nimwongezee mia tano. Ya nini? “Ya kungojea.” Nikampa mgongo.

Jioni nikaenda kulalamika kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani Shela. Nilitaka aniunge mkono. Akaniuliza mwezi uko wapi. Nikamwonyesha. Akasema mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji hujaa mno saa kumi, hupwa mno saa nne, asubuhi na jioni ni vivyo hivyo. Halafu kila siku husogea mbele karibu saa nzima. Takwa siku kama ile mtu huenda alasiri. Kisha akanisimulia vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19: watu wa Pate na ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa walikuja na majahazi kuipiga Lamu, wakashindwa, wakakimbilia pwani, wakakuta maji yamepwa, vyombo vimekaa mchangani. Wakauawa pale pale. “Nawe ami,” akasema, “nani alokwambia mwende asubuhi?”

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Aliyesema asubuhi ni mimi. Nahodha alitaka alasiri tangu mwanzo. Nikajiambia hawa nawajua, anataka kuturudisha gizani aongeze bei, nikang'ang'ania asubuhi ati jua lisimchome mama. Sawa. Lakini angefika saa kumi na mbili tungewahi maji, tukakwama magofuni kwenye kivuli, si mtaroni juani! Na ugali je? Ugali haupwi wala haujai.

Kwa hiyo, ukienda, uliza maji yanajaa saa ngapi kabla ya kuuliza bei, na umuulize mtu asiye na mashua. Nyota moja kwa nahodha. Haya, mbili, kwa yule samaki.

Jumapili iliyopita mama mkwe alipiga simu. Anataka kurudi Lamu Desemba na dada zake wawili, na anataka namba ya yule kijana wa ugali, maana amekuwa akiwasimulia kanisani wote wanavunjika mbavu. Nimemwambia namba imepotea. Ninayo.