Elbo ya dripu pani kwa sefti valvu ya mvuke: nyota nne

Kwa wanaotumia boila, hii ni ile elbo (kona ya bomba) yenye bakuli, ndiyo dripu pani, inayofungwa kwenye mdomo wa sefti valvu, yaani valvu inayofunguka yenyewe presha ya boila ikizidi, halafu bomba la kupeleka mvuke nje linaingia tu ndani ya bakuli bila kugusa kitu. Chuma chenyewe kiko poa sana, flenji imechongwa vizuri, bakuli lina kina cha kutosha.

Ninachoipendea zaidi ni ile nafasi kati ya bomba na bakuli. Bomba la juu linashikwa na jengo, siyo na valvu, kwa hiyo likipata moto likarefuka linashuka ndani ya bakuli na valvu haibebi uzito wowote. Wale wanaochomelea bomba refu moja kwa moja juu ya valvu wanaiharibu tu, mwili wake unapinda kidogo, siti (pale diski ya kufungia inapokalia) haikai tena sawa, na baada ya hapo inavuja kila siku.

Sasa nyota moja nimeibana kwa ajili ya karatasi iliyokuja nayo. Imeandika eti bomba la juu liwe kubwa kwa saizi moja kuliko mdomo wa elbo basi, hakuna urefu, hakuna kiasi cha mvuke, hakuna presha, na hapo ndipo watu wanaungua jamani. Mvuke uliokolea (ule wa kwenye kiwango cha kuchemka, haujapashwa zaidi) wa bar 10 za geji, yaani juu ya presha ya hewa, kilo moja inachukua kama mita za ujazo 0.177, ukishafika nje kwenye hewa ya kawaida ni kama 1.67, yaani zaidi ya mara tisa! Bomba likiwa jembamba au refu lenye kona nyingi mvuke unakosa njia, unarudi chini unatokea kwenye ile nafasi ya bakuli, na pale ndipo opereta anapopita.

Kwa hiyo hesabu ifanywe, na isianzie kwenye mvuke ambao boila inazalisha, ianzie kwenye kiasi kilichopigwa chapa kwenye kibati cha valvu, kwa sababu ikifunguka inatoa uwezo wake wote. Tena kwa valvu za boila za ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani kinachotoa viwango) kibati kinaonyesha asilimia 90 tu ya kilichopimwa, so gawa kwa 0.9 kwanza. Ile sheria kwamba eneo la bomba lisipungue eneo la mdomo wa valvu ni kiwango cha chini kabisa, haimaanishi umemaliza. Njia nzima ya hesabu iko kwenye kiambatisho cha II cha ASME B31.1, kiwango cha mabomba ya mitambo ya nguvu, pamoja na ile nguvu ya mvuke kusukuma elbo kinyume, ambayo lazima iwe na sapoti yake. Na kwa valvu ya kawaida isiyo na belo (kifuko cha chuma chenye mikunjo kinachokinga diski na presha ya nyuma), presha inayojijenga nyuma yake ikizidi kama asilimia 10 ya presha iliyosetiwa, valvu inaanza kugongagonga, inafunguka inafunga, siti inakwisha.

Dreni ni mbili, moja ya elbo na moja ya mwili wa valvu, kila moja iende kivyake mahali salama na usiweke koki hata kidogo, maana kuna mtu ataifunga na maji yatakaa juu ya diski yakisubiri siku valvu ifunguke.