TAHADHARI: Ukikuta boneti ya moto kabla hujawasha gari, ondoka

Jamani, naandika huku natetemeka kwa hasira. Ile Toyota Crown niliyonunua, mkanipongeza juzi, imelala kwa fundi, giaboksi imekufa. Siku 11 tu!

Na msiniulize "kwani hukuijaribu?" Niliijaribu. Wikiendi ile nilijaribu sedani kubwa tatu, na mbili nikazikataa mwenyewe: Mercedes E-Class ilikuwa inavuta kulia ukishika breki, Nissan Fuga ikawa inanguruma huku nyuma. Kwa hiyo sikwenda kwa huyu muuzaji wa Crown nimefumba macho.

Nilipofika niliegemea boneti, ikaniunguza kiganja. Akawahi kusema, "Nimetoka kuiosha, nikaiwasha ikauke." Nikamwamini. Halafu akanitia funguo mkononi kabla sijaomba, na hapo ndipo aliponimaliza. Wale wengine waling'ang'ania usukani wao, huyu kaniachia mimi. Nikasema moyoni, mwenye cha kuficha hawezi kufanya hivi.

Akakaa pembeni yangu. "Kunja hapa bosi, lami ya huku utaifaidi." Redio iko juu, kiyoyozi kinapuliza mpaka mwisho, mimi nimezama kwenye kiti cha ngozi, gari linateleza kimya kabisa. Nilipotaka kupanda kilima akanishika bega: "Huko kuna foleni, tutachelewa." Nikageuza. Kwa mikono yangu hii nikageuza! Dakika 10 hazikufika, tumerudi. Akaniuliza mama anaendeleaje, maana nilishamwambia gari ni la kumpeleka kliniki. Akasema atamwombea. Mtu anayemwombea mama yako unaanzaje kumshuku?

Nikalipa. Zile hela mnajua nilivyozipata.

Kesho yake alfajiri, injini ya baridi, naingiza D, gia ya kwenda mbele, gari halisogei. Nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo likaruka kama limepigwa teke. Nikapandisha kilima kile kile: injini inalia, mwendo hauongezeki. Siku ya 3 taa ya cheki injini ikawaka. Fundi akachomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi, akanisogezea puani. Meusi, yananuka kuungua. Akasema taa ilizimwa kwa mashine, na ikifutwa bila kutibu ugonjwa hurudi ukishatembea kidogo. Na lile joto la boneti ndilo lililoficha kila kitu, maana giaboksi iliyochoka mara nyingi hujionyesha ikiwa ya baridi.

Nilipompigia muuzaji, kwanza alisema nimeliendesha vibaya. MIMI! Sasa hapokei kabisa.

Huyu ni mwizi sawa na anayevunja mlango usiku, tena afadhali huyo hakuulizii mama yako. Afungwe, afungiwe na kuuza, magari yake yapigwe mnada watu warudishiwe chao. Sitaki kusikia habari ya kusamehe.

Mnaoenda kutazama gari: mwambieni asiliwashe, mlikute baridi. Zimeni redio. Pandeni kilima hata akinuna. Nendeni na fundi wenu, si wa kwake. Tazameni na raba ya pedali ya breki, yangu ilikuwa imelika mpaka chuma wakati kilomita zinasoma kidogo. Niliiona, nikapita.

Jina lake siliandiki hapa kwa sababu nimeshamfungulia kesi. Kama nawe alikuuzia gari akikuita bosi huku boneti inawaka moto, njoo inboksi leo hii tuandike maelezo pamoja. Mtu mmoja atamkana, watu watano hawezi.