Shahada ya maendeleo ya jamii na vijana Dar: uzoefu wangu

Nimesoma maendeleo ya jamii, nikaegemea upande wa vijana, kwenye chuo kimoja hapa Dar ambacho sikitaji. Naandika kwa sababu kila msimu wa udahili wadogo zangu wananiuliza kama kozi hii inalipa.

Darasani ni kawaida tu. Sosholojia, saikolojia, takwimu, Sheria ya Mtoto ya 2009, Sera ya Vijana ya 2007 inayomhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Wahadhiri wengine wanasoma slaidi neno kwa neno. Kuna matokeo yalichelewa mpaka tukaanza muhula mpya hatujui nani ana sapu, yaani mtihani wa kurudia. Na bumu, hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likichelewa ndiyo utajua nani ana shangazi Temeke.

Utamu uko fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Mimi nilipangiwa Mbagala. Unaanza na barua kwa mtendaji, unasubiri muhuri, ndipo unashuka kijiweni. Nilipotoa dodoso, bodaboda mmoja aliyejilaza juu ya pikipiki akaniuliza, "Dada, umekuja na mkopo au na maswali?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikakunja karatasi, nikaagiza chai, nikakaa. Dodoso lilitaka kipato cha mwezi, wakati wale wanaishi kwa siku: toa hesabu ya bosi, toa mafuta, kinachobaki ndicho cha nyumbani. Jioni niliandika maswali upya.

Mkopo walioutaka ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisitishwa 2023, ukarudi 2024. Kuupata ni kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba na akaunti ya benki. Basi kazi yangu ikawa katiba, hasa kifungu cha mweka hazina, ambacho nusura kiwagombanishe kabla hata hela haijaonekana. Sera sikuielewa darasani, niliielewa pale.

Ajira? Nafasi za serikali zinapita Ajira Portal na foleni ni ndefu. Mashirika yanachukua watu, ila mradi ukiisha na mkataba umeisha. Anayetaka mshahara wa haraka atafute kwingine. Anayependa watu, kozi ninaipa nne kati ya tano.

Kabla hujalipa ada, uliza fildi ni wiki ngapi, na kama msimamizi anafika mwenyewe. Wangu alifika. Wa rafiki yangu alimsimamia kwa WhatsApp.