Kaburi la mama mkwe: karakana ya mawe ya makaburi, Moshi

Bamba la graniti nyeusi la karakana hii linastahili mkwe aliyependwa. Herufi huchongwa kwa kina kisha hutiwa rangi, hivyo rangi ikipauka jina la mama bado linasomeka. Marumaru nyeupe achana nayo, mvua huila polepole.

Udhaifu uko kwenye vigae. Hubandikwa mapema mno, udongo haujatulia. Masika yakija kaburi linatitia na vigae vinapasuka. Waambie wangoje masika yapite, wamwage zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lenye nondo, walimwagilie maji siku 7.

Maandishi yakaguliwe kwanza kwenye karatasi na watoto pamoja na wakwe, hasa tarehe. Graniti haina kifutio. Bei hupatanwa, usafirishaji ukiwemo.