Kitini cha wajamaa na vita vya 1914: kinafaa, ila kishike na kalamu nyekundu

Kinauzwa shilingi 5,000 kwenye steshenari moja ya Ng'ong'ona, upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Kurasa 64, kopi za pande mbili, pini mbili tu mgongoni. Karatasi 32 hazishikiki kwa pini mbili. Ukikilaza wazi mara chache kurasa za kati zinachomoka. Ongeza hela kidogo wakufungie kwa waya wa plastiki. Kabla ya kulipa, funua ukurasa wa 40 hadi 43 uone kama tona haikupauka.

Sura ya kwanza ndiyo inayolipia bei yote. Inaweka sawa jambo ambalo vitini vingi hulivuruga: wajamaa wa Ulaya walipinga ubabe wa kijeshi, hawakupinga silaha zenyewe. Programu ya SPD, chama cha wajamaa wa Ujerumani, iliyopitishwa Erfurt mwaka 1891, ilidai jeshi la kudumu liondolewe na wananchi wafunzwe kujilinda. Jean Jaurès, kiongozi wa wajamaa wa Ufaransa, aliitetea hoja hiyo kwa nchi yake katika kitabu kizima mwaka 1911. Mwandishi anaiita "mgambo", na neno linafaa, mradi msomaji asiwafikirie wale wanaokimbizana na wamachinga.

Matatizo yanaanzia ukurasa wa 22. Kitini kinasema mkutano wa Stuttgart wa 1907, wa vyama vya kijamaa vya nchi mbalimbali, uliazimia mgomo mkuu wa wafanyakazi vita vikizuka. Haukuazimia. Wajerumani, Bebel kiongozi wa SPD akiwa mbele, waliikataa hoja hiyo, na azimio likakiachia kila chama kitumie njia kitakayoiona inafaa. Aya ya mwisho, ya kutumia msukosuko wa vita kuharakisha kuanguka kwa ubepari, ilisukumwa na wanamapinduzi Luxemburg, Lenin na Martov. Hoja ya mgomo ilirudishwa Copenhagen mwaka 1910 na Keir Hardie wa Uingereza na Vaillant wa Ufaransa, ikaahirishwa hadi mkutano uliopangwa Vienna Agosti 1914, na vita vikautangulia. Kwa hiyo ukijibu mtihani kwamba "waliapa kugoma kisha wakasaliti", umejenga hoja juu ya kiapo ambacho hakikuwepo.

Ukurasa wa 30 ni wa kufuta na kuandika upya. Karl Liebknecht, mbunge wa SPD, hakupiga kura ya hapana kwa fedha za vita tarehe 4 Agosti 1914 kama kinavyodai. Andika pembeni hivi: tarehe 3, kikao cha ndani cha wabunge wa SPD, 78 waliunga mkono fedha za vita, 14 walipinga. Tarehe 4, nidhamu ya chama ikawabana wote, wakapitisha marki bilioni 5. Haase, mmoja wa wale 14, ndiye aliyepewa tamko la chama alisome. Liebknecht alikataa peke yake tarehe 2 Desemba.

Pia kitini kinaruka 1913, na hapo ndipo penye utamu. Mwaka huo SPD waliukataa muswada wa kupanua jeshi, lakini wakaipitisha kodi ya kuulipia, kwa kuwa iliwabana wenye mali na si mlaji wa mkate. Bila hilo, Agosti 1914 inaonekana kama radi kwenye anga jeupe.

Sura ya mwisho, "Afrika", ina nusu ukurasa. Ni aibu kwa kitu kinachochapwa Dodoma. Bunge la Ujerumani lilivunjwa Desemba 1906 kwa ugomvi wa fedha za vita vya Namibia, huku Majimaji ikizimwa huku kwetu. Kwenye uchaguzi uliofuata SPD waliongeza kura lakini viti vikashuka kutoka 81 hadi 43, maana wapinzani wao waliungana duru ya pili. Vita vya 1914 vyenyewe vilifika hapa Julai 1916, Waingereza walipouteka mji huu wa reli. Kutwaliwa kwa wapagazi, nafaka na ng'ombe kukachangia njaa ya Mtunya iliyoua watu wengi Ugogo. Mtunya haitajwi hata mara moja.

Kitini chenye jalada la kijani siyo toleo jipya. Ni kurasa zilezile, makosa yaleyale, na bei imeongezwa elfu moja.