Vyumba vya daraja la juu kwenye meli za kitalii: nilichokiona kwa MSC, Cunard na kampuni nyingine moja

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha bandarini Tanga miaka 26. Meli nazijua, ila nazijua kwa makaratasi: manifesti, hati za shehena, na simu za wenye mizigo wanaotaka kujua mali yao imefika wapi. Kupanda meli nikahudumiwa mimi, hilo halikuwahi kunipita akilini mpaka nilipostaafu na binti yangu aliyeolewa Southampton akaniambia, "Mama, safari hii huji kulea wajukuu. Unakuja kupumzika." Tangu hapo tumesafiri mara tatu na kampuni tatu, na mara zote tulilala vyumba vya daraja la juu, kwa sababu goti langu la kulia halitaki foleni.

Mashoga zangu wa Chumbageni wananiuliza ipi bora. Wawili kati yao wana watoto Ulaya na wameshaanza kudunduliza. Ndiyo maana naandika kwa kirefu, na naandika kama mama wa Kiislamu wa pwani asiyegusa pombe, maana hilo limebadilisha hesabu yangu yote.

Tulianza na MSC World Europa. Tulipandia Genoa, Italia, tukalala usiku saba: Naples, Messina, Valletta, Barcelona, Marseille, kisha Genoa tena. Ndani ya meli yao kuna sehemu inaitwa Yacht Club, utaratibu walioanza nao mwaka 2008 kwenye MSC Fantasia. Ichukulie kama nyumba yenye ua wake katikati ya mji. Unaingia kwa kadi yako, na humo mna mgahawa wenu, bwawa lenu, sebule yenu ya vioo na dawati lenu la shida ndogondogo. Nje ya ua huo kuna abiria zaidi ya 6,000. Ukitaka shamrashamra unatoka, ukichoka unarudi kwenu.

Batla, yaani mhudumu wako mwenyewe, anapatikana saa 24. Siku ya kupanda wetu alitupokea kule kituoni, akachukua mkoba wangu, akatupitisha pembeni mpaka mlangoni pa chumba. Mtu mwenye goti bovu anajua thamani ya jambo hilo. Chakula kilikuwa kizuri. Nyama sikuila, nilikwenda na samaki na mboga, na mhudumu wa mezani alikuwa ananionyesha kila jioni kipi kimepikwa kwa mvinyo kabla sijauliza.

Sasa njoo kwenye pesa. Bei ya Yacht Club ina vinywaji ndani yake, pamoja na intaneti. Majirani zetu wa meza walilifurahia sana hilo, na wana haki, kwa sababu kokteli na mvinyo melini ni ghali. Mimi juma zima nilikunywa maji, chai na juisi ya machungwa. Pesa ya mwanangu ililipia chupa ambazo sikuzigusa. Siwalaumu MSC, kila kitu wamekiandika wazi. Ninachowaambia wenzangu ni hiki: mtu akikuletea orodha ndefu ya vilivyomo kwenye bei, futa kwanza pombe, halafu ndiyo ulinganishe kampuni na kampuni. Orodha nyingi zinapungua sana.

Safari ya pili ilikuwa na Cunard, kwenye Queen Anne, meli yao mpya iliyoanza kazi Mei 2024, kutoka Southampton kwenda Norway na kurudi. Cunard wana mpangilio wao: chumba ulichokata ndicho kinachoamua utakula wapi. Wengi wanakula Britannia, wanaofuata Britannia Club, kisha Princess Grill, na juu kabisa Queens Grill, tulikokuwa sisi. Binti yangu hakuupenda utaratibu huu, aliona ni kuwagawa watu. Mimi nimekua wakati treni zetu zina daraja la kwanza, la pili na la tatu, haukunishtua. Meza yenu ni ileile kila siku, mnakwenda muda mnaotaka, na kufikia siku ya pili wahudumu walijua kwamba chai yangu naitaka ya rangi, nzito, na tangawizi pembeni.

Vileo walivyokuwa wameviweka chumbani tuliomba viondolewe. Viliondoka saa ileile, yakaja maji na juisi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Lakini kilichonifanya nimkumbuke batla wa Cunard hadi leo ni kibla. Hapa Tanga kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Unatandika mswala pahali pale pale maisha yako yote. Norway kibla kiko kusini-mashariki, na meli yenyewe inapinda ndani ya zile hori za milima kila baada ya muda, kwa hiyo ukutani ulikoelekea Adhuhuri siko utakakoelekea Alasiri. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama katikati ya chumba na simu mkononi, sindano ya dira inazunguka haitulii. Akaniuliza natafuta nini, nikamweleza. Alikuwa kijana wa Kifilipino, Mkristo. Kuanzia jioni ile alikuwa ananiletea kikadi cheupe, kimeandikwa kwa kalamu saa na mwelekeo wa meli kwa digrii, na mshale mdogo kuonyesha dirisha letu linatazama wapi. Mara tatu kwa siku. Siku ya Geiranger, kituo chetu kimoja huko Norway, alileta viwili zaidi, kwa sababu meli ilikuwa inageuka kwenye nanga. Hakuna kijitabu cha kampuni yoyote kinachotaja huduma hiyo, na mimi kwa hiyo peke yake ningelipa.

Hapo Geiranger meli yetu haikufunga gati, ilitia nanga na abiria wakashushwa kwa boti ndogo. Kwa mtu wa Tanga hilo si geni. Kabla bandari yetu haijachimbwa kufikia kina cha mita 13, meli za mizigo zilikuwa zinasimama mbali na mzigo unafuatwa kwa matishari. Nimeingoja mizigo hiyo juani kutwa nzima. Abiria wa Grill wanapewa kipaumbele kwenye boti. Tulishuka mapema, tukapanda mlimani kwa basi na kurudi, wakati wengine ndiyo kwanza wanaitwa namba. Ukiwa na miguu mizima huenda usijali. Mimi nilijali sana.

Jambo moja la kujua kwa Cunard: bakshishi ya wahudumu inakatwa kila siku kwenye akaunti yako ya melini, na wa Grill wanakatwa zaidi kuliko wa Britannia. Iweke kwenye bajeti mapema.

Safari ya tatu sitaitaja kampuni. Si MSC wala Cunard, wala si ile nitakayoitaja chini. Miezi mitatu kabla ya safari, binti yangu aliandika kuomba chakula kisicho na nguruwe wala pombe, akajibiwa kwamba imepokelewa. Usiku wa kwanza nikaletewa supu, nikanusa mvuke, nikaona vipande vyekundu vinaelea. Nikamuuliza mhudumu. Akaenda jikoni, akarudi na meneja, meneja akarudi na tabuleti: jina langu lipo, ombi halipo. Nilikula mkate na zeituni. Batla tuliyeahidiwa alikuwa na vyumba vingi mno, tulimwona siku ya kwanza na siku ya mwisho. Na chumba chenyewe, kikubwa, chenye roshani pana na beseni la marumaru, kilikuwa chini ya sitaha ya bwawa. Saa kumi na moja alfajiri walianza kuburuta viti juu ya vichwa vyetu, krrr, krrr, kimoja kimoja, mpaka kumekucha. Kilikuwa chumba kikubwa kuliko vyote nilivyolala, na ndicho nilichopumzika kidogo kuliko vyote. Lililoniuma zaidi ni kumwona mwanangu akilia kwa aibu kwa kosa lisilo lake.

Kuna wanaoniuliza Royal Caribbean, kampuni nyingine ya meli za kitalii. Sijapanda. Ila someni vizuri kabla ya kulipa: tangu 2016 wamevigawa vyumba vyao vya juu katika ngazi tatu, Sea, Sky na Star, na yule mhudumu wa pekee wanayemwita Royal Genie ni wa Star tu. Ukikata Sea ukitegemea mtu wa kukuhudumia mlangoni, hutampata.

Viza: kwa pasipoti yetu, njia ile ya Genoa inataka Schengen, viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Ile ya Southampton kwenda Norway inataka viza ya Uingereza na ya Schengen, zote mbili. Anzeni mapema.

Bi mkubwa mwenye goti kama langu nitamwambia Queens Grill, wala sitasita. Anayesafiri na wajukuu wanaotaka michezo na mabwawa, aende Yacht Club, apate ua wa kujifungia wakichosha. Popote uendapo, angalia ramani ya sitaha ujue juu ya kichwa chako kuna nini, na ombi lako la chakula lichapishe ulibebe mkononi. Langu sasa nalikabidhi mwenyewe kwa mkuu wa mgahawa siku ya kupanda, kabla hata ya kufungua mabegi.