TAHADHARI: Kuna tapeli wa safari za hifadhini Arusha, kanila milioni mbili na nusu

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikirukaruka. Ijumaa iliyopita nimeaibika mbele ya mama yangu mzazi, getini Tarangire, na aliyenifanyia hivyo bado anapokea hela za watu. Mimi kanifungia, lakini kwa simu ya dada nimeona jana kaweka picha ya simba na maneno "nafasi mbili zimebaki".

Ilikuwa saa 3 na dakika 40 asubuhi. Tuko sita ndani ya Land Cruiser, mama kakaa mbele na dereva kwa sababu ya magoti yake. Kavaa kile kitenge cha harusi, kikapu cha chapati na mayai ya kuchemsha kakipakata, hataki kukishusha. Tumeshaiacha lami pale Kwa Kuchinja, watoto wanahesabu mibuyu kwa sauti. Dereva akasimamisha gari, akachukua simu yangu kwenda dirishani kuonyesha kontrol namba, ile namba ya kulipia kiingilio serikalini. Nikamfuata, sijui hata kwa nini nilimfuata.

Askari wa hifadhi akaingiza tarakimu zote 12. Akatazama kioo. Akaingiza tena. "Dada, hii haijalipiwa."

Nikamwambia imelipiwa, risiti ninayo. Nikamfungulia ile picha. Akaikuza taratibu kwa vidole viwili, akaniwekea kidole kwenye tarehe: maandishi yake manene kuliko ya juu na ya chini. Namba yenyewe ilikuwa halali, imetolewa na mfumo, ila hakuna shilingi iliyoingia. Risiti ndiyo yule tapeli alikaa akaichora.

Nikampigia simu. Ikaita mara moja, ikakatwa. Nikarudia, haipatikani. Nyuma yangu madereva wa kampuni nyingine wamepanga foleni na karatasi zao, wote wamenyamaza wananiangalia. Nikamgeukia dereva wetu, nikamuuliza sasa zile siku mbili za Serengeti tulizopangiwa itakuwaje. Akasema, "Serengeti? Mimi nimekodiwa siku moja tu, jioni niwarudishe mjini. Na nusu yangu bado sijalipwa." Nikashika ukuta.

Mama aliposikia akasema turudi tu, tembo amezoea kumwona kwenye noti ya elfu kumi. Alisema ili nisilie. Ndiyo kwanza nikalia, mbele ya wanangu.

Dada alinitumia hela pale pale, askari akatutolea namba nyingine, nikalipa mwenyewe na dereva nikammalizia. Tembo tuliwaona, wamejaa mtoni, mama kawaangalia hadi kasahau chapati zake. Lakini hizo siku mbili za Serengeti alizoahidiwa, tangu baba akiwa hai, hazipo.

Sasa najua mtasema mtu mzima na shule yake anatumaje hela hivyo. Nisikilizeni. Huyu kijana anazijua hifadhi. Kampuni nyingine mbili nilizoziuliza zilinitajia bei tu. Yeye aliniuliza kwanza: mnataka tembo au nyumbu? Mama anaweza kukaa garini saa ngapi? Akanieleza kwamba kiangazi ndiyo wakati wa Tarangire, kwa sababu maji yanakauka kwingine na wanyama wanafuata Mto Tarangire. Akasema niachane na Ndutu, pale nyumbu huzaa mwezi wa pili, saa hizi pakavu. Simba na chui nikawatafute Seronera, katikati ya Serengeti. Akanikumbusha hata masweta, kwamba Ngorongoro mwezi wa sita ina baridi ya kuumiza wazee. Yote hayo ni kweli, nimeyauliza baadaye. Ndicho kinachoniuma: alinipa ukweli tisa ili niumeze uongo mmoja.

Na uongo ulikuwepo, mimi ndiye sikutaka kuuona. Alisema tarehe 20 mwezi wa sita tutaona nyumbu wakivuka Mto Mara. Mwezi wa sita nyumbu wengi huwa bado magharibi, upande wa Mto Grumeti. Kuvuka Mara ni kuanzia mwezi wa saba na kuendelea, na huko ni Kogatende, kaskazini kabisa mwa Serengeti. Kwenye ratiba yake tunatembea Tarangire hadi saa 8 mchana, halafu usiku huo huo tunalala Kogatende! Hiyo ni safari ya siku nzima, na mageti yanafungwa saa 12 jioni. Akaniambia pia Ngorongoro hatulipi kitu kwa sababu "mnapita tu". Kumbe kupita kwenda geti la Naabi la Serengeti kunalipiwa, tena kwa Mamlaka ya Ngorongoro, siyo TANAPA wa hifadhi za taifa.

Bei ilikuwa laki sita kwa kichwa, hakuna mwingine aliyenipa bei ya chini hivyo. Hela nilituma mara mbili, milioni moja na nusu, kisha milioni, kwa namba ya kawaida yenye jina la mwanamke, akasema ni mhasibu. Nilipotaka Lipa Namba ya kampuni akasema ina tatizo. Leseni ya utalii alituma picha imekatwa upande wa jina. Ofisini "fundi anapaka rangi" wiki tatu. Na kontrol namba mtu yeyote anaweza kuilipa kwa simu yake! Angekuwa mkweli angenitumia namba nikalipa mwenyewe, kama nilivyofanya pale getini ndani ya dakika mbili. Ukiambiwa hapana, niachie mimi nilipie, kata simu.

Huyu afungwe. Sitaki kusikia habari za kusamehe, wala za kijana anatafuta maisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumike. Picha yake ibandikwe Naabi, Lodoare, Ndabaka na kila geti, madereva wamkatae. Anawachafua vijana wa Arusha wanaoamka saa 10 alfajiri kufanya kazi hii kwa jasho, kama yule dereva aliyetufungia kikapu cha mama asubuhi na kuturudisha usiku bila kutudai hata senti ya ziada.

RB ya polisi ninayo, na namba yake ya simu nimeshaituma 15040, kule wanakoripotiwa matapeli wa simu. Tangu juzi nimepata watu wawili aliowalia hela kwa ratiba ile ile, neno kwa neno, mmoja alikuwa anampeleka mke wake. Kama na wewe umeahidiwa nyumbu wa Mto Mara mwezi wa sita kwa laki sita, nitafute leo kabla ya Jumatatu, tunakwenda kituoni pamoja.